Namba za Penseli

Quionga, Jumanne, 8 Januari 2013

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Osvaldo. Amesema kila jioni niandike maneno niliyojifunza. Maneno nitayaandika kwenye kadi. Humu nitaandika ninayoyataka mimi.

Habari yenyewe ni hii. Kampuni inayotafuta gesi baharini inataka vijana wa kwenda kusomeshwa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, miezi tisa, na ukimaliza una kazi. Mjomba Dauto, kaka yake mama, mwenye pikipiki na mwenye kila habari, ameleta orodha kutoka Palma: maneno mia mbili na arobaini ya Kireno, ya mitambo na usalama kazini. Mtihani ni tarehe 11 Aprili. Mimi nimesoma hadi darasa la kumi na nilikuwa wa kwanza kwa wasichana, hilo hapa Quionga halina mbishi. Tangu hapo nina miaka miwili nyumbani, napalilia mpunga na kusikia watu wakiuliza Rachida anangoja nini. Nilikuwa nangoja hili.

Nikishindwa, nakwenda Rongui. Baba mkubwa ana dago lake la uvuvi kule kisiwani na anataka mtu wa kuwapikia wavuvi na kuwaanikia samaki. Mama amemwambia angoje mvua ziishe.

Latifa naye atafanya mtihani. Ni mtoto wa mama mdogo, na amelelewa kwetu tangu mama yake alipovuka Ruvuma kuolewa upande wa Mtwara. Namshinda miezi saba tu, lakini kwetu miezi saba ni miezi saba: ananiita dada.

Alhamisi, 10 Januari

Mwalimu Osvaldo ni mtu wa Mueda, na Kiswahili chetu anakikwaruza kidogo, lakini kufundisha anajua. Leo kaja na sanduku la viatu, kaligawa kwa vipande vya katoni likawa na vyumba vitano. Kadi ina neno la Kireno mbele na maana yake nyuma. Chumba cha kwanza unakiuliza kila siku, cha pili baada ya siku tatu, cha tatu baada ya wiki, cha nne baada ya wiki mbili, cha tano baada ya mwezi. Unatazama neno, unasema maana, unageuza kadi, halafu unajipa namba mwenyewe. Sifuri ni sikumbuki: kadi inarudi chumba cha kwanza na kesho inaulizwa tena. Moja ni kwa taabu: inabaki palepale. Mbili ni sawa: inasogea chumba kimoja. Tatu ni kama jina langu: inaruka vyumba viwili.

Akaanza na Latifa. Akamwonyesha *capacete*, na Latifa akasema "kofia ngumu" kabla kadi haijatulia.

"Namba?"

Latifa akatazama vidole vya miguu yake. "Moja, professor."

Akaja kwangu na *válvula*. Ningeitaja hata usingizini. Nikasema, "Labda moja." Akaleta *guindaste*, ambayo sikuwahi kuisikia. Nikasema moja vilevile.

Mwalimu akajishika kichwa. "Então! Aliyejua moja, asiyejua moja. Hili sanduku halina macho, jamani. Ukilidanganya linakuamini."

Yeye mtu wa bara, hajui. Kwetu mtoto wa kike akijipa tatu mbele za watu atasimuliwa mpaka Idi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na akijipa sifuri, amewaaibisha waliomlea. Njiani tukirudi Latifa akasema, "Dada, mimi hata tukiwa wawili siwezi kujisifu." Nikamwambia basi mimi nitakupa namba wewe, wewe utanipa mimi. Tena sanduku langu utalitunza wewe na lako nitalitunza mimi, asiwepo wa kuchungulia. Naandika ijulikane kwamba wazo lilikuwa langu.

Ijumaa, 11 Januari

Tumemwambia Mwalimu. Akakuna kidevu. "Namba ni ya aliyekumbuka," akasema. "Mwenzio hayumo kichwani mwako." Lakini mwisho akasema está bem, jaribuni.

Jumatatu, 14 Januari

Mvua kutwa. Tumekata kadi mia nne na themanini kutoka katoni za biskuti. Mkono wangu una malengelenge ya mkasi.

Jumamosi, 19 Januari

Tumeulizana barazani, na akina mama watatu wa jirani walikuwapo wanasuka ukili. Ikaja *andaime*. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Latifa akangoja, akageuza kadi, akasema, "Jukwaa la mafundi wa ujenzi. Sifuri, dada." Akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo inafika mpaka msikitini.

Mmoja wa wale akina mama akasema, "Kumbe na Rachida hukosa." Wakacheka.

Sikukasirika. Nilikwenda kisimani peke yangu kwa sababu nilitaka kutembea. Latifa akanifuata na ndoo yake nikamwambia moja inatosha.

Jumatano, 23 Januari

Mvua. Kadi arobaini. Kesho Maulidi, hatutaulizana.

Jumamosi, 26 Januari

*Arnês*. Ni ule mkanda wa kujifunga mtu anayepanda juu asianguke. Nimeisema yote, sawasawa, ila nilikawia kidogo. Latifa akasema moja. Nikamwambia kazi yake ni kusikiliza neno, si kuhesabu pumzi zangu. Akasema, "Mwalimu alisema kwa taabu ni moja." Nikamwambia kama ni hivyo amtafute Mwalimu awe dada yake.

Chakula cha mchana nilikula jikoni na mama. Chakula cha jioni vilevile, na kesho huenda pia, tumbo langu haliko sawa.

Jumatatu, 28 Januari

Tumerudi kwenye kadi. Leo nimepata tatu kumi na saba na mbili nne. Nilijua tu kwamba kichwa changu kinataka kupumzishwa, kisha kinakuja chenyewe. Latifa amesema, "Mashaallah, dada."

Jumamosi, 2 Februari

Kupalilia. Mgongo wote wa mama umekakamaa nami nimembeba hadi kitandani, au karibu kumbeba. Kadi thelathini, tatu ishirini na sita.

Jumamosi, 9 Februari

Leo nimempa Latifa sifuri kumi na moja. Anayajua maneno ila anababaika, anasema "kile kitu cha kuzuia, dada, kile," na mimi sikubali "kile". Mwisho akalia, machozi yakadondoka kwenye kadi ya *torneira*. Nimemwambia nafanya kwa faida yake na siku moja atanishukuru. Anayekupenda ndiye anayekuambia ukweli. Akasema, "Ndiyo, dada."

Naona huruma. Yeye kadi zake bado nyingi ziko chumba cha kwanza na cha pili, masikini. Zangu zimeanza kuhamia cha tano.

Jumatano, 13 Februari

Maji yamekata njia ya Palma. Mjomba Dauto amekwama huko na pikipiki yake, nasi tumekosa habari na sabuni.

Alhamisi, 21 Februari

Siku hizi kadi zangu tunamaliza upesi kwa sababu nyingi ziko chumba cha tano na zamu yao haijafika. Dakika ishirini nimemaliza. Saa nzima inayobaki ni ya Latifa. Nimemwambia asijali, mimi nina subira. Tunakaa juu ya dungu tunalinda mpunga, yeye anataja maana na kupigia ndege kelele kwa pumzi ileile. "Kuvuja! Swaa! Kapi! Swaa!" Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Nilimwambia tukifika Pemba tutapanga chumba kimoja, yeye atapika kwa sababu mimi nitakuwa na mengi ya kusoma.

Jumamosi, 2 Machi

Njia imepitika. Mjomba Dauto kapita asubuhi, mimi nilikuwa mtoni nafua. Kazungumza na Latifa mlangoni kisha akaondoka kwenda Namoto. Niliporudi nikamkuta Latifa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, kapulana aliyojifunga imelowa na hajabadili. Nikamuuliza Mjomba ana habari gani, akasema ameleta sabuni. Hakula mchana. Nadhani ni homa, nimemchemshia majani ya mwarobaini na nimesimama hapo mpaka akayanywa yote.

Jumapili, 3 Machi

Latifa hajambo. Kadi ishirini, tatu ishirini. Zote!

Alhamisi, 14 Machi

Ndege, mvua, kadi. Mbu.

Jumanne, 19 Machi

Mama leo ametukuta tukiulizana, akasimama na ungo wake mkononi muda mrefu. Nikamuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu. Mama hasomi Kireno, anasoma Kiarabu cha chuoni tu. Lakini hupenda kutazama.

Jumatatu, 25 Machi

Mwalimu katufanyia mtihani wa majaribio, maneno mia, ili tujizoeze kabla ya Palma. Latifa kapata tisini na moja.

Mimi hamsini na nne.

Nilifikiri karatasi zimechanganywa. Nilitazama mwandiko, ni wangu. *Andaime* nimeacha wazi. *Roldana* nimeandika kufuli, nayo ni kapi, kitu ambacho kila mtoto wa pwani amekishika. Mwalimu alingoja wengine watoke. Nje aliniambia, "Rachida, wewe unajipa namba gani?" Nikamjibu, "Sijipi mimi, napewa." Nikaondoka.

Jumanne, 26 Machi

Lazima niandike kwa utaratibu, la sivyo nitapiga kelele.

Asubuhi nilimwambia Latifa alete sanduku langu. Hakuuliza kwa nini. Akaingia ndani, akatoka nalo limefungwa plastiki vizuri, kavu, bila hata doa la ukungu, na mvua zote hizi. Nikalifungua barazani. Chumba cha kwanza kilikuwa na kadi sita. Chumba cha tano kimejaa mpaka katoni imepinda. Nikachomoa *andaime* nikaigeuza.

Nyuma, chini ya maana, kulikuwa na maandishi madogo ya penseli. Tarehe na namba. 28/1: 0. 31/1: 0. 7/2: 1. 21/2: 0. Nikachomoa *arnês*. 28/1: 1. Nikachomoa *roldana*. Sifuri, sifuri. Nikazimwaga zote mkekani, nikazigeuza moja moja. Kila siku aliyoniambia mbili au tatu kwa mdomo, kwa penseli ameandika nyingine. Nimehesabu maneno mia na kumi na mawili ambayo yeye alijua kwamba mimi siyajui.

"Latifa, hizi ni nini?"

"Namba zako, dada."

"Zangu zipi? Mimi uliniambia tatu."

"Zile ndizo ulizozitaka. Hizi ndizo zako."

Nikamuuliza ana moyo wa namna gani. Kukaa na mimi juu ya dungu, kucheka na mimi, kusema mashaallah, na usiku anaandika sifuri. Akasema si usiku, aliandika palepale, mimi nilikuwa nikitazama ndege. Alisema hivyo kama mtu anayesahihisha hesabu, na hapo ndipo nilipotaka kumpiga.

"Siku nilipokupa sifuri ulikwenda kisimani peke yako," akasema. "Siku nilipokupa moja hukula na mimi siku mbili. Mimi nnakaa kwenu, dada. Wewe ukininunia nnakwenda wapi? Nnavuka mto kwa mama nikamwambie nini?"

"Ungeniambia!"

"Mdogo amwambie mkubwa wake hajui kitu? Nilikwambia mara mbili. Nikaona bora niandike. Nilisema siku atakapolitaka sanduku lake ataona mwenyewe. Hukulitaka."

Sikulitaka kwa sababu nilimwamini. Hilo nililisema, nikazidi kuzigeuza kadi ili nisimtazame.

Kisha nikaona jambo jingine. Namba zote zinaishia tarehe moja Machi. Tumeulizana kila siku mpaka jana, na tangu tarehe hiyo hakuna alama hata moja ya penseli, kwenye kadi yoyote.

"Mbona zinaishia hapa?"

Latifa akakunja pindo la kapulana, akalikunjua, akalikunja. Mama akamwita jikoni. Akaenda.

Jumatano, 27 Machi

Nimekwenda kwa Mjomba Dauto kuuliza kama mtihani unaweza kusogezwa. Alikuwa chini anafunga mnyororo wa pikipiki. Akasema, "Usogezwe na nani? Tena mjitahidi, maana ni vaga moja tu kwa Quionga yote."

"Nafasi moja? Tangu lini?"

"Tangu walipobandika tangazo. Nilimwambia Latifa siku ile ya sabuni, nikamwambia mwambie na dada yako. Hakukwambia?"

Siku ya sabuni. Nikarudi nyumbani nikafungua daftari hili. Jumamosi, tarehe mbili Machi. Hajala, kapulana imelowa, na mimi mjinga nimesimama na kikombe cha mwarobaini nahakikisha anameza.

Nilimkuta anapepeta mchele. Sikupiga kelele. Nilimwambia tu, "Vaga moja." Ungo ukasimama.

"Nilitaka kukwambia siku ileile," akasema.

"Ukaacha."

"Ningekwambia, ungelitaka sanduku. Ungeanza upya siku ileile. Ungenishinda, dada. Wewe hunishindi miezi saba tu, unanishinda kila kitu, tangu chuoni, tangu shule. Mara hii tu nilikuwa mbele."

"Na penseli?"

"Kuandika ukweli na kunyamaza, vyote viwili, sikuweza. Nikaacha kuandika."

Mpaka tarehe moja Machi, sawa, ilikuwa haya. Haya naijua, nimelelewa nayo, hata mimi ninayo. Lakini tangu tarehe mbili haikuwa haya tena. Siku ishirini na nne amenitazama usoni na kuniambia tatu, tatu, tatu, akijua kila tatu inanisukuma Rongui. Na alizisema kwa heshima kabisa, na dada nyuma yake.

Alhamisi, 28 Machi

Nimemwambia mama yote. Akanisikiliza, kisha akasema, "Nilikuwa nnaona."

"Uliona nini? Wewe Kireno hukijui."

"Uso wako nnaujua. Mtu anayejua hatazami makuti. Wewe ulikuwa unatazama makuti kwanza, halafu unajibu."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema mambo ya watoto wawili wanaopendana mtu mzima hayaingilii, angeonekana anambagua mtoto wa mdogo wake. Basi. Nyumba nzima ilijua sijui, hata ungo ulijua, na kila mtu alikuwa na adabu mno kunishtua. Nimehamishia mkeka wangu chumba cha mama.

Ijumaa, 29 Machi

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Tarehe 19 Januari na tarehe 26. "Sikukasirika." "Tumbo langu haliko sawa." Nilitaka kuzichana kurasa hizo. Sikuchana, lakini nasema wazi: kununa ni kitu kimoja na alichofanya yeye ni kingine. Atakayesoma humu asinichanganyie.

Jumatatu, 1 Aprili

Kadi zote mia mbili na arobaini nimezirudisha chumba cha kwanza. Najiuliza mwenyewe na kujipa namba mwenyewe, kwa sauti, barazani, asikie anayetaka. Leo sifuri sabini na tatu. Wale akina mama wa ukili walikuwapo. Mara ya kumi walicheka, mara ya thelathini waliacha, wakaanza kunisaidia kukumbuka.

Alhamisi, 4 Aprili

Sifuri arobaini na nane. Sanduku la Latifa nimeliweka mlangoni mwake bila kugonga. Kule ndani namba zote ni za kalamu na zote ni za kweli. Nimemfundisha vizuri mno.

Jumapili, 7 Aprili

Siku ya Wanawake. Wenzetu wote wamevaa kapulana za sare, ngoma inalia huko posto, kwenye ofisi ya serikali. Mimi nina *jusante*, *estanque*, *rebocador*. Sifuri thelathini na moja. Zimebaki siku nne; ningeambiwa siku ya sabuni, ningekuwa na arobaini.

Alhamisi, 11 Aprili

Palma. Tulikwenda na Mjomba Dauto, watatu kwenye pikipiki moja, Latifa katikati kwa sababu mimi sikutaka kushikwa kiuno naye. Ikawa mimi ndiye niliyemshika kiuno, njia nzima, kwenye matope. Darasani tulikuwa watu sitini na kitu, wa Quionga tisa. Maswali themanini. *Andaime* ilikuwapo, nimeijibu. *Arnês* nimeijibu. Kuna kumi na tano au ishirini ambazo nilizitazamia juu, na juu hapakuwa na makuti, palikuwa na bati.

Jumatatu, 22 Aprili

Tangazo limebandikwa posto. Quionga: Latifa, sabini na sita. Wa pili mimi, sitini na tisa.

Maswali saba. Mwalimu Osvaldo alikuja mpaka nyumbani. Aliniambia kwamba kwa siku kumi hajawahi kuona mtu akipanda hivyo, na kwamba mwakani wakichukua tena nitapita. Nikamshukuru. Akasema kosa ni lake pia, alijua namba si ya kupewa na mwingine na akasema está bem. Ni mtu wa kwanza kusema kosa ni lake. Nilipokwenda kumletea maji nililia nyuma ya mtungi.

Alhamisi, 25 Aprili

Baba mkubwa ametuma salamu, mashua ya Rongui inapita Jumatatu. Mvua imekwisha. Mpunga umeiva na sitauvuna mimi.

Jumapili, 28 Aprili

Latifa ameondoka leo.

Kwetu mtu haendi safari ndefu bila radhi za wakubwa wake. Asipopewa, safari ina kisirani, na likimpata jambo huko lawama ni ya aliyenyima. Watu walijaa barazani: akina mama wa ukili, Mwalimu, majirani. Mjomba Dauto alikuwa ameshawasha pikipiki, begi limefungwa nyuma. Latifa akampigia magoti mama. Mama akamsomea dua, akampuliza utosini, akalia. Kisha Latifa akaja kwangu. Tangu ile siku ya ungo na vaga tulikuwa hatujasemezana ila "pisha" na "chumvi iko wapi".

Akapiga magoti.

"Dada, naomba radhi."

Nikamwekea mkono kichwani, kama inavyotakiwa. Nikasema, "Nenda salama." Watu wakaanza kuguna kwa kuridhika, lakini yeye hakuinuka. Akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini, mimi tu nisikie:

"Umeniridhia kiasi gani? Niambie namba."

Niliutazama utosi wake. Nywele amesukwa vizuri, nadhani alisukwa na mama. Nilifikiria njia ile ya Pemba, matope, malori ya kampuni. Nilifikiria watu wote hawa watakavyosema Rachida alimnyima mdogo wake radhi kwa wivu. Akainua uso akanitazama, akisubiri, kama tulivyokuwa tukikaa juu ya dungu, ila sasa kadi ilikuwa mkononi mwangu.

"Tatu," nikasema.

Akafumba macho. Sijui kama aliamini. Yeye kuliko mtu yeyote anajua tatu inavyosemwa. Akanibusu mkono, akapanda, na moshi wa pikipiki ukatuingia wote machoni, ikawa hakuna haja ya kueleza kwa nini tunajifuta.

Sasa ni alasiri. Nimefunga mzigo wangu wa Rongui: kapulana tatu, kisu, sanduku la kadi ndani ya plastiki. Chini ya sanduku nimekuta kipande cha penseli yake, ameitafuna kichwa. Ndiyo ninayoandikia hapa.

28/4: 0.

Kadi ya sifuri inarudi chumba cha kwanza. Kesho nitaiuliza tena.